Namba za Injini Zikilingana Bado Hatujajua Gari ni la Nani

Minada ya magari ya zamani ya Marekani imehamia kwenye simu. Bring a Trailer, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2007 na kununuliwa na Hearst mwaka 2020, imewazoesha watu kutoa dau kubwa kwa gari ambalo hawajaligusa wala kulisikia likinguruma. Picha zinapandishwa, maoni yanamiminika, na chini ya kila gari la misuli, yaani gari la kawaida lililopewa injini kubwa yenye nguvu, la miaka ya 1960 swali ni lilelile: namba zinalingana? Yaani, namba iliyogongwa kwenye injini ni ya gari hilo, au injini imetoka kwingine? Zikilingana, gari ni orijino. Zisipolingana, hukumu imeshatoka na bei inaporomoka. Kwa gari lililotoka kiwandani likiwa kamili, swali hilo lina mashiko. Lakini lipo kundi la magari ambayo thamani yake yote inatokana na kwamba kuna fundi aliyafungua baada ya kutoka kiwandani, na kwa hayo swali la namba linaweza kumfanya mnunuzi akatae gari la kweli na kukumbatia la kughushi. Uhalali wa gari lililobadilishwa na wakala, yaani duka linalouza magari mapya ya kampuni fulani, ni uhalali wa tukio: kazi fulani ilifanyika, kwenye gereji fulani, kabla mnunuzi wa kwanza hajakabidhiwa ufunguo. Chuma peke yake hakiwezi kutoa ushahidi wa tukio hilo. Karatasi zinaweza, na hizo nazo tuziamini kwa kadiri tunavyojua zilikuwa mikononi mwa nani miaka yote hii.

Chanzo cha magari haya ni katazo. Katika miaka ya 1960 General Motors ilijiwekea kikomo: magari yake ya ukubwa wa kati na madogo yasipewe injini inayozidi inchi za ujazo 400, takribani lita 6.5. Corvette, gari lake la michezo, haikuguswa na kikomo hicho. Wakati huohuo Chevrolet, tawi la General Motors, ilikuwa na injini ya inchi 427, sawa na lita 7, ambayo ingeingia kwenye gari lake dogo la Camaro bila kukata bati, kwa kuwa ilikuwa ya ukoo mmoja na ile ya 396 iliyoruhusiwa. Kiwanda kilifungwa mikono. Mawakala hawakufungwa, maana wakala wa Marekani ni mfanyabiashara anayejitegemea, mwenye gereji yake na mafundi wake. Don Yenko, dereva wa mashindano aliyekuwa na duka la Chevrolet mjini Canonsburg, Pennsylvania, aliagiza Camaro za mwaka 1967 zenye injini ya 396, akazitoa, akaweka za 427, akaziuza kwa jina lake. Nickey walifanya hivyo Chicago, Dana wakafanya South Gate, California, na kule Long Island, New York, duka la Baldwin Chevrolet lilishirikiana na gereji ya Motion ya Joel Rosen, ambayo iliwaahidi wateja wake kwa maandishi kwamba gari litamaliza robo maili kwa sekunde 11.5. Kwa upande wa Dodge alikuwepo Norm Kraus wa Grand Spaulding mjini Chicago. Pontiac ilikuwa na Royal, Royal Oak, Michigan. Ford ilikuwa na Tasca, East Providence, Rhode Island, ambao Mustang waliyoiongezea nguvu kwa injini ya 428 iliishawishi Ford yenyewe kutoa injini ya Cobra Jet mwaka 1968.

Mkanganyiko unaanzia mwaka 1969. Kufikia hapo Chevrolet ilikuwa imepata njia ya kuzunguka kikomo chake yenyewe: oda maalumu za ofisi kuu ya uzalishaji, mfumo uliotumika kwa magari ya polisi, teksi na malori ya kampuni, unaojulikana kwa herufi COPO. Kwa oda namba 9561 kiwanda cha Norwood, Ohio, kiliweka injini ya 427 yenye nguvu za farasi 425 ndani ya Camaro, kwenye laini yake ya kawaida. Yenko hakuwa na haja tena ya kung'oa injini. Aliagiza takribani Camaro 200 za namna hiyo, akazibandika mistari yake ya rangi na stika zake, akaziuza Canonsburg na kupitia mawakala wenzake katika majimbo mengine. Lakini mwaka huohuo, kwenye gereji ileile, aliuza pia Nova, gari jingine dogo la Chevrolet, zisizofika 40 zenye injini ya 427, na kwa Nova hizo kiwanda hakikumsaidia. Zilifika na 396, mafundi wake wakaitoa. Kwa hiyo wakala mmoja, ndani ya mwaka mmoja, alituachia magari mawili yanayohitaji sheria mbili za ushahidi zinazopingana. Kwa Camaro, injini lazima iwe na namba ya gari. Kwa Nova, injini ya 427 yenye namba inayolingana na gari ndiyo inayopaswa kututia wasiwasi, kwa sababu hakuna njia halali ambayo namba hiyo ingefika pale.

Tuikaribie injini yenyewe. Mbele ya bloku ya V8 kubwa ya Chevrolet, upande wa abiria (kulia, kwa magari ya Marekani), chini kidogo ya silinda hedi, pana sehemu bapa isiyozidi upana wa vidole viwili. Hapo kiwanda cha injini cha Tonawanda kiligonga herufi T, mwezi na siku ya kuunganishwa, kisha herufi mbili za kazi yake. Camaro ya COPO 9561 yenye gia za mkono ni MN; yenye gia za otomatiki ni MO. Norwood nao waligonga sehemu ya namba ya gari. Chini ya herufi hizo, kama hakuna aliyezigusa, unaona mistari myembamba sambamba iliyoachwa na mashine ya kusawazisha chuma pale Tonawanda. Anayeghushi huanza kwa kusaga namba za zamani, na anaposaga mistari hiyo huondoka. Akiwa stadi huichora upya. Nimeziangalia picha nyingi za sehemu hiyo, na naweza kusema kwamba picha ya simu iliyopigwa kwa taa ya mbele haionyeshi tofauti kati ya mistari ya mwaka 1969 na ya juzi. Taa ya ubavuni huionyesha vizuri zaidi. Hata hivyo mwenye macho makali atakachogundua hapo ni jambo moja tu, kwamba injini hii ilitoka Tonawanda siku fulani kwa ajili ya aina fulani ya gari. Hatajua kama gari lilipita Canonsburg. Camaro za 9561 zilitengenezwa karibu 1,000, na nyingi zilikwenda kwa mawakala wengine bila mstari hata mmoja wa rangi wa Yenko. Mistari ya rangi inauzwa madukani. COPO halali ya wakala mwingine ikibandikwa mistari hiyo, namba zake zote zitalingana na bado haitakuwa Yenko.

Wanaotetea chuma wana hoja nzito, na nisingependa zipuuzwe. Wanasema karatasi huchapwa upya kwa urahisi kuliko bloku inavyogongwa, na hilo ni kweli. Nakala za karatasi za kiwandani na za bei zilizobandikwa dirishani zinauzwa waziwazi kama mapambo kwa wenye magari. Wanasema pia kwamba mwili wa gari una namba ambazo wezi na waghushi wengi husahau. Camaro za 1968 na 1969 zina sehemu ya namba iliyogongwa kwenye bati linalotenga injini na sehemu wanapokaa abiria, nyuma ya kifuniko cha hita, na nyingine chini ya kava lililo mbele ya kioo. Hapo ndipo unapombaini aliyehamisha kibati cha namba kutoka gari lililooza kwenda kwenye mwili mwingine, jambo ambalo tangu sheria ya mwaka 1984 ni kosa la shirikisho nchini Marekani lenye kifungo cha hadi miaka 5. Nakubaliana nao kabisa hapa. Ukaguzi wa chuma uanze kabla ya kitu kingine chochote, na gari ambalo mwili wake una utata halifai kuendelea kujadiliwa. Ninapotofautiana nao ni pale wanapotaka chuma kijibu swali la pili. Nyumba inaweza kusimama imara juu ya kiwanja chenye mgogoro, na uimara wa ukuta haumwambii mnunuzi ardhi iliuzwa kwa nani. Vivyo hivyo namba ya gari ya Chevrolet ya mwaka 1969 inasema tu kwamba lilizaliwa na silinda nane. Herufi ya kutambulisha injini iliingia kwenye namba hiyo mwaka 1972, magari haya yakiwa yameshauzwa.

Ipo karatasi ambayo kwa kweli ni chuma, nayo inaonyesha vizuri jinsi ushahidi unavyopaswa kusomwa. Kila Chevrolet ya miaka hiyo iliuzwa ikiwa na kibati kidogo cha dhamana kilichobandikwa ndani ya kijitabu, chenye herufi zilizochomoza kama za kadi ya benki. Gari lilipopelekwa kwa wakala chini ya dhamana, kibati kiliwekwa mashineni na fomu ikapigwa chapa. Juu yake kuna namba ya gari, alama ya injini, ya giaboksi na ya difu, kama zilivyotoka kiwandani. Sasa chukua kibati halali cha Nova ya Yenko ya mwaka 1969. Kinasema 396. Gari lina 427. Kwa mtu wa minada ya mtandaoni hapo pana kasoro; kibati na injini havielewani. Kwa anayejua historia, kutoelewana huko ndiko kunakotarajiwa, kwa sababu kibati kilitengenezwa kabla fundi wa Canonsburg hajaanza kazi. Muuzaji anayeleta kibati kinachosema 427 ameleta kitu ambacho kiwanda hakikutoa. Hapa ndipo soko la leo linapokosea zaidi. Limefundishwa kutafuta ulinganifu, na mghushi anajua kutengeneza ulinganifu kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo karatasi zipimwe vipi? Kigezo changu ni kimoja, nacho sikioni kikitumika vya kutosha: karatasi hii ilionekana hadharani lini kwa mara ya kwanza? Baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 magari haya yalikuwa mitumba ya kawaida, yanayokunywa mafuta kupita kiasi, yaliyouzwa kwa vijana wa shule za sekondari. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kughushi hati ya Yenko wakati Yenko yenyewe ilikuwa gari la bei rahisi. Picha ya familia ya mwaka 1972 yenye gari uani, karatasi ya muda kutoka uwanja wa mbio, mkataba wa mkopo wa benki, barua ya bima inayokataa kumkatia bima kijana wa miaka ishirini, vyote hivi vina nguvu kuliko cheti kizuri kilichotolewa baada ya bei kupanda, hata kama cheti kina mhuri. Mtu akiwa na karatasi yenye madoa ya oili iliyonakiliwa na chama cha wamiliki miaka ya 1980 mwanzoni, na mwingine akiwa na karatasi safi iliyopatikana mwaka jana chini ya kiti, mzigo wa kuthibitisha haulingani. Karatasi za kiwandani kweli zilikuwa zikibaki kwenye springi za viti na juu ya matangi ya mafuta, na bado hupatikana. Lakini ya mwaka jana inahitaji mashahidi, picha za ilipotolewa, na jina la aliyeitoa.

Mazingira ya kumbukumbu nayo hayako sawa kwa kila kampuni, na mnunuzi asiyelijua hilo ataumia. Mwenye Pontiac anaweza kupata nakala ya ankara ya kiwandani kutoka Pontiac Historic Services, inayoonyesha gari lilipelekwa kwa wakala gani na likiwa na nini. Mwenye Ford ya mwaka 1967 na kuendelea anaweza kupata ripoti ya Marti, inayotokana na data ya Ford yenyewe. Chevrolet zilizouzwa Kanada zina kumbukumbu zilizohifadhiwa na General Motors ya Kanada. Mwenye Chevrolet iliyouzwa Marekani, yaani sehemu kubwa ya magari tunayozungumzia, hana faili la kiwandani la gari lake. Kilichobaki ni data ya usafirishaji inayotolewa na chama cha warekebishaji wa Corvette, NCRS, inayotaja tarehe na wakala aliyepokea gari. Haisemi injini ipi. Hata hivyo mstari huo mmoja umemaliza ubishi mwingi. Fred Gibb wa La Harpe, Illinois, mji mdogo wa wakulima, aliagiza Camaro 50 kati ya 69 zilizotengenezwa mwaka 1969 na injini ya ZL1, ile 427 ya aluminiamu. Injini hiyo peke yake iliongeza zaidi ya dola 4,100, gari likazidi dola 7,200, na mengi yakashindwa kuuzika. Chevrolet ikayachukua na kuyagawa kwa mawakala wengine. Bila rekodi ya usafirishaji, ZL1 iliyouzwa mbali na Illinois ingekuwa na hadithi mbili za kweli zinazoonekana kupingana.

Karatasi nazo zina kikomo, na Royal Pontiac ndiyo mfano unaonisumbua zaidi. Marekebisho yao ya Bobcat kwa gari la Pontiac GTO yalikuwa ya kiufundi mno na ya siri kiasi: gasketi nyembamba za silinda hedi ili kuongeza mgandamizo, jeti nyingine za kabureta, nati za kukaza roka, mpangilio mpya wa cheche. Vifaa hivyohivyo viliuzwa kwa posta kwa yeyote aliyetuma pesa. Kwa hiyo GTO yenye vifaa vyote vya Bobcat huenda ilifanyiwa kazi na mwenyewe nyuma ya nyumba mwaka 1966. Na GTO yenye ankara inayoonyesha ilipelekwa Royal huenda iliuzwa Royal bila kuguswa, kwani Royal waliuza pia magari ya kawaida kwa watu wa kawaida. Ukiunganisha vyote viwili unapata uwezekano mkubwa. Uhakika hupatikana pale tu inapoonekana karatasi ya kazi ya gereji au ya mauzo inayotaja marekebisho hayo. Motion nao walikuwa na tatizo linalofanana na hilo. Walijenga magari mapya yaliyouzwa kupitia Baldwin, na pia walipokea magari ya wateja waliyokuja nayo wenyewe. Yote mawili ni kazi halali ya Motion, lakini moja tu ndilo lililouzwa jipya likiwa hivyo, na bei zake hazifai kufanana.

Kuna wanaoegemea mashahidi. Kwa miaka mingi neno la aliyekuwepo lilitosha kufunga mjadala, na sidharau watu hao. Bila wao tusingejua nusu ya tunayojua. Lakini Dick Harrell, dereva na mjenzi aliyefanya kazi na Nickey, na baadaye na Gibb, alikufa uwanjani Toronto mwaka 1971. Yenko alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1987. Kraus alifariki mwaka 2021. Kumbukumbu ya mzee mmoja juu ya gari moja kati ya mamia, akiulizwa miaka hamsini baadaye na mtu ambaye jibu litamwongezea pesa nyingi, ni ushahidi wa kuheshimiwa na wa kupimwa. Uwekwe faili pamoja na tarehe aliyoulizwa, na aliyeuliza ni nani.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa inasemwa kwa sauti kubwa, ni kwamba haya yote hayana maana: ukichukua Nova ya kawaida, ukaweka 427 ileile na stika zilezile, una gari lilelile, kwa nini ulipe zaidi? Kama mtu anataka kuendesha, nampongeza. Gari la namna hiyo likitangazwa kwa ukweli ni kitu kizuri, na Chevrolet yenyewe ilipofufua jina la COPO mwaka 2012 haikumdanganya yeyote. Hoja inaanguka inapohamia kwenye jina. Magari ya mawakala ni ushahidi wa jinsi duka la mji mdogo lilivyoweza kuisukuma kampuni kubwa kuliko zote duniani kubadili mawazo. Mwaka 1970 General Motors iliondoa kikomo chake cha inchi 400, na shinikizo la maduka haya lilichangia. Kila gari la kughushi linaloingia kwenye orodha linaharibu hesabu ya yale 40 au 200, linaficha rangi zipi ziliagizwa, gia zipi, majimbo gani. Anayeidhinisha uongo mmoja anawapunja wamiliki wote waliobaki na kila atakayeandika historia hii baadaye. Wapo pia wanaosema vyeti vya kidijitali visivyofutika vitatuokoa. Havitatuokoa, kwa sababu mfumo huo unalinda kilichoingizwa siku ya kwanza. Ukiingiza uongo, utaulinda nao.

Lililo la haraka ni jingine. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 ya kulinda taarifa za madereva imezuia kwa kiasi kikubwa mtu binafsi kupata majina ya wamiliki wa zamani kutoka ofisi za usajili za majimbo. Njia kuu iliyobaki ni familia zenyewe, na wamiliki wa kwanza waliokuwa na miaka 22 mwaka 1969 sasa wanakaribia 80. Makabati ya mafaili ya maduka yaliyofungwa yanasafishwa na wajukuu wasiojua kilichomo. Vyama vya wamiliki vina hazina kubwa ya nakala, ila nyingi zimefungiwa kwa watu wachache wanaojibu "ndiyo" au "hapana" bila kuonyesha sababu. Ningetaka wachapishe walau jedwali: gari hili, ushahidi huu, ulionekana mara ya kwanza mwaka huu, ulitoka kwa nani kwa aina, si kwa jina. Nyumba za minada nazo ziache kuandika "ina nyaraka" na kunyamaza. Waseme nyaraka zipi, nani alizishika, na zipi zinakosekana. Nova yenye kibati kinachosema 396, rekodi ya usafirishaji kwenda Canonsburg, na injini ya 427 isiyo na namba ya gari, itangazwe hivyohivyo ilivyo, na bei yake iwe juu ya ile yenye namba zote zinazong'aa na historia inayoanzia mwaka 2005.